Kongosho Lilimdhoofisha, Sisi Tukamwita Mzee

Habari ya kifo chake ilinikuta Kyimo, nimesimama chini ya kibanda cha mabati nikisubiri mvua ipungue ili nipakie mikungu yangu ya ndizi. Aliyenipigia simu ni jirani yake wa Ikuti, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza jambo lililokuwa likitarajiwa: "Kaka, yule mzee wetu wa lori la majani ametutoka. Kapumzika." Nikamuuliza, mzee gani? Nilijua kabisa ni nani, wasomaji wangu, lakini niliuliza kwa makusudi, kwa sababu neno lile lilikuwa limenichosha kwa miaka. Jirani akashangaa. "Si yule mzee, wewe unamjua sana." Ndiyo, ninamjua sana. Ninamjua tangu akiwa mtoto wa kamasi anayetufuata nyuma tukienda kuchota maji, tunamfukuza arudi kwa mama yake naye hataki. Alikuwa mdogo kwangu kiasi cha kuniita kaka, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, mpaka mara ya mwisho tulipoonana, na hakufika hamsini. Kama yeye alikuwa mzee, basi mimi ninayeandika haya ni marehemu wa siku nyingi ambaye gazeti limesahau kumwondoa kwenye ukurasa.

Sitamtaja jina, kwa sababu familia yake imesumbuliwa vya kutosha. Wakulima wa chai kuanzia Ikuti hadi Suma watamtambua wenyewe. Alikuwa dereva wa lori linalozunguka vituo vya vijijini kukusanya majani mabichi na kuyafikisha kiwandani kabla hayajaharibika. Alikuwa na kifua kipana, mdomo mwepesi, na ubishi wa kutosha kugawia kata nzima. Akifika kituoni akakuta mama fulani hajaleta majani yake, alipiga honi mpaka mama yule atokee mgombani na kapu kichwani, akikimbia na kumtukana huku akicheka. Aliendesha barabara zile za utelezi kwa utulivu ambao sikuuona kwake katika jambo jingine lolote. Mtu wa namna hiyo, kila nyumba ina kikombe chake. Alikunywa chai ya maziwa huku, akala ndizi kule, na hapakuwa na mji wa mtu ambao angepita bila kuitwa.

Ugonjwa ulimwanza kwa maumivu ya tumbo baada ya kula. Yalianzia juu ya kitovu yakachoma mpaka mgongoni, na alipata nafuu kidogo tu akiinama mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Sasa hebu mwambie mtu wa Rungwe kwamba tumbo linakuuma ukila. Kabla hujamaliza sentensi umeshapewa jibu: vidonda vya tumbo. Na dawa ya vidonda vya tumbo, katika wilaya ambayo kila mji una ng'ombe wa maziwa, mnaijua. Akaambiwa anywe maziwa, tena yale yenye utandu mzito juu, asubuhi na jioni. Akanywa. Maumivu yakazidi. Akaambiwa hajanywa ya kutosha. Kuna mtu alimwongezea parachichi. Mimi nilikuwa nikisikiliza ushauri huu wote kwenye simu nikiwa Mbeya kikazi, nikimwambia aende hospitali, naye ananijibu kwamba msimu wa majani umechanganya, akipata nafasi atakwenda. Alipata nafasi siku alipoanguka kituoni kwa maumivu, wakulima wakampakia kwenye lori lake mwenyewe likiendeshwa na utingo hadi hospitali Mbeya.

Huko Mbeya ndiko ugonjwa ulikopata jina. Nilikuwapo daktari alipomweleza. Alimwonyesha kwa mkono mahali kongosho lilipo, nyuma ya tumbo la chakula, akasema kazi yake ni kutoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na kutoa homoni inayoshusha sukari katika damu. Lake lilikuwa limevimba kwa muda mrefu, likapoa na kuvimba tena, mpaka likabaki na makovu mahali penye kazi. Ndiyo maana alikuwa anakula na bado anakonda. Mafuta yalimpita kama yalivyoingia, na yakimpita yanamuumiza. Kisha daktari akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Uvimbe wa namna hiyo haubaki mahali pamoja. Mwili mzima hukaa katika hali ya kupigana, mchana na usiku, kama injini iliyoachwa ikiunguruma hata gari likiwa limeegeshwa, na mwili unaopigana bila kupumzika huchakaa. Misuli huisha, mifupa hupungua nguvu, ngozi hulegea, sukari hupanda. "Usishangae ukijiona unazeeka haraka kuliko miaka yako," akamwambia. "Huo si uzee. Ni ugonjwa, na tunaweza kuupunguza mwendo." Akampa vidonge vya kumeza pamoja na chakula, sindano za sukari, akamkataza mafuta, pombe na sigara, akamwambia kliniki asikose hata mara moja. Akasema wako watu wanaoishi na ugonjwa huu miaka mingi, wakilea watoto na kufanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwetu tulipotoka pale, na ninataka mlikumbuke mnapoendelea kusoma: kulikuwa na miaka ya kuokoa.

Tuliporudi Tukuyu, swali la kwanza aliloulizwa na kila aliyesikia neno kongosho lilikuwa moja. "Ulikuwa unakunywa nini?" Hawakuuliza linauma vipi, wala anatakiwa kula nini. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba pombe ni sababu kubwa ya ugonjwa huu, lakini wako wanaoupata bila pombe, na kwake yeye sababu haikuonekana. Huyu alikuwa dereva wa milimani. Alikunywa bia sikukuu na kuishia hapo. Lakini sababu ambayo vipimo vya Mbeya havikuiona, watu wetu waliiona wakiwa wamekaa kwenye benchi la duka. Wengine walimtajia na kilabu. Mkewe aliulizwa kanisani, kwa sauti ya upole kabisa, kama mumewe ameshaokoka na kile kitu.

Baada ya muda mwili wake ukaanza kufanya alichosema daktari. Kifua kilibomoka. Mashavu yaliingia ndani, mgongo ukapinda, meno kadhaa yakamtoka, nywele zikawa nyeupe na chache. Kiwandani wakamwita, wakamwambia, "Mzee wetu, umetutumikia, sasa pumzika," wakampa blanketi na kupiga naye picha. Hakuna aliyesema kwamba dereva wao ni mgonjwa na pengine angepewa kazi nyepesi getini. Walimstaafisha mtu ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa bado anajifunza kusoma. Na yeye, bingwa wa ubishi, akalipokea blanketi akashukuru.

Siku moja nilimsindikiza kupima sukari katika kituo kimoja cha afya ambacho nacho sitakitaja. Tulikuta foleni ndefu. Mhudumu alipomwona tu, akaacha alichokuwa akifanya. "Shikamoo, babu. Wazee hawapangi foleni, njoo huku mbele." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kaka, mshike baba yako mkono, hapo pana utelezi." Nikamtazama ndugu yangu, nikingoja acheke, nikingoja amwambie binti yule kwamba huyu ndiye mkubwa, huyu alikuwa akinifukuza mtoni. Akajibu, "Marahaba, binti yangu," akapita mbele huku ameniegemea. Ndani, mganga alisoma karatasi za Mbeya juu juu, akamwangalia usoni, akazirudisha. "Mzee wangu, katika umri huu mgongo lazima uume. Miguu kuishiwa nguvu ni kawaida. Usijisumbue sana." Nikaingilia nikasema huyu ni mdogo wangu. Mganga akacheka kwa adabu akidhani ni utani wa watani, akaandika dawa ya maumivu. Sukari haikupimwa siku hiyo.

Nje nilimshambulia kwa maneno. Nilimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kuitwa babu na binti ambaye angeweza kumwoa kama asingekuwa na mke. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akainama kama kawaida yake, na akanijibu bila haraka.

"Kaka, wewe unaandika magazetini, unafikiri watu wanasoma kila kitu. Nikisema ninaumwa kongosho, wananiuliza nilikuwa nakunywa wapi. Mke wangu anaona aibu. Watoto wanachekwa shuleni. Nikinyamaza wakaniona mzee, wananisimamia, wananipa kiti, wananisalimu vizuri. Ugonjwa huu hakuna anayeuelewa. Uzee kila mtu anauelewa. Sasa wewe ungechagua nini?"

"Ningechagua kupona," nikamwambia.

"Basi chagua wewe, mimi niache na kiti changu."

Jibu nililonalo leo halimsaidii. Ila nimefikiri sana juu ya maneno yake, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoudhika. Tunajisifu kwamba sisi watu wa milima hii tunaheshimu wazee, na ni kweli, sioni haya kulisema popote. Lakini heshima yetu tunaitoa kwa kutazama mvi. Mvi tukiziona tunaacha kuuliza. Mtu akikonda akiwa kijana tunamtafutia kosa. Akikonda na mvi juu tunampa pole ya miaka. Katikati ya hayo mawili hakuna nafasi ya mtu ambaye ni mgonjwa tu, asiye na kosa wala miaka mingi, anayehitaji kupimwa na kula anachoruhusiwa. Ndugu yangu aliitafuta nafasi hiyo akaikosa, akaingia kwenye ile iliyokuwa wazi. Na nafasi ya mzee, kwetu, ina sahani yake.

Hiyo sahani ndiyo niliyoishuhudia Suma, kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa mkulima aliyekuwa rafiki yake. Alikaribishwa meza ya wazee, mimi nikawekwa na vijana, nyuma, karibu na maturubai yanayovuja. Ng'ombe alichinjwa. Mama mwenye nyumba akaja mwenyewe na sahani ya wazee, akapiga magoti mbele yake kama mbele ya baba. "Tata, pokea." Juu ya ndizi kulikuwa na kipande cha nundu, kimenona, kinang'aa, mafuta yanateremka kwenye sahani, na pembeni kikombe cha maziwa mgando kilichojaa hadi ukingoni. Niliacha sahani yangu nikaenda. Nikamwinamia yule mama nikamwambia kwa upole niliobakiwa nao, "Mama, samahani, huyu daktari amemkataza mafuta. Mpe ndizi na nyama nyekundu kidogo." Alinitazama kama nimemtemea mate kwenye chungu. Mzee mmoja, huyu mzee kweli, aliyekaa kiti cha jirani, akaniambia, "Kijana, usimnyime mwenzetu haki yake. Nundu si ya watoto." Nikamtazama ndugu yangu. Yeye alikuwa anamtazama yule mama aliyekuwa bado amepiga magoti chini. Akachukua kile kipande. "Ndaga fijo, mama," akamshukuru, akala. Akala chote, mbele yangu, na maziwa akamaliza.

Kabla ya juma kwisha alikuwa amelazwa, na lile lilikuwa shambulio baya kuliko yote yaliyotangulia. Nilimkuta mkewe kwenye benchi la wodini. Ni mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza. "Shemeji," akasema, "mimi nyumbani ninachemsha ndizi bila mafuta. Kuku ninamchuna ngozi. Maziwa ninayaengua mpaka yanakuwa kama maji. Vidonge ninamhesabia. Halafu mnampeleka kwenye sherehe zenu, mnanirudishia maiti inayopumua. Mimi ninamtibu, ninyi mnamheshimu." Nilitaka kujitetea kwamba mimi nilikataza. Nikaona haina maana, maana kwenye meza ile nilikuwa mmoja na wao walikuwa meza nzima.

Alitoka hospitali akiwa amepungua zaidi, na kwa hiyo akaheshimiwa zaidi. Wakamweka kwenye baraza la kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Akanunua fimbo. Nakiri kwamba fimbo ile iliniudhi kuliko ugonjwa. Kila nilipofika Ikuti nilimkuta amekaa mahali fulani, amezungukwa na watu, anatoa hukumu kwa sauti nzito ya kuigiza, na ukimtazama vizuri unaona jasho la maumivu kwenye paji la uso. Kliniki ya Mbeya akaanza kuikosa. Nikimuuliza ananiambia mzee hawezi kupanda gari kila mwezi kwenda kuchomwa sindano na watoto wadogo, wanakijiji watasema nini. Nilimwambia wewe si mzee. Akacheka. Nadhani kufikia hapo alikuwa amesahau kwamba mwanzoni ilikuwa ni kujificha tu. Mara ya mwisho nilimfuata na gari, nikamwambia panda tunakwenda Mbeya sasa hivi. Akaniambia kuna kesi ya mpaka inamngoja, kaka, njoo wiki ijayo. Wiki iliyofuata ndiyo niliyokuwa Kyimo na ndizi zangu.

Tulimzika nyumbani kwao Ikuti, mgombani, udongo ukiwa umelowa mpaka majembe yananasa. Nilipofika nilishangaa ukimya. Msiba wa mtu mwenye watoto wadogo kwetu unausikia tangu barabarani. Huu ulikuwa na wimbo wa taratibu na watu wanaozungumza kwa sauti za kawaida. Akina mama waliokuwa wakisimamia ndani walikuwa wamewaambia wenzao wasilie sana, kwa kuwa mzee amepumzika, na mzee hasindikizwi kwa vilio. Mkewe alikuwa amekaa ukutani. Mwinjilisti, kijana mgeni katika usharika ule, akasimama na kutushukuru kwa kuja kumsindikiza mzee wetu, akamshukuru Mungu kwa maisha marefu aliyomjalia, akasema ametimiza siku zake na sasa amelala kwa amani. Wengi wakaitikia amina.

Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka mama yake. Watu wengi pale walikuwa wamesahau kwamba mama huyo yuko hai, maana nani anakumbuka kumtafuta mama wa mzee? Alishikwa mkono na mjukuu, akatembea mpaka kwenye jeneza, akaweka mkono juu yake. Alisema kwanza kwa Kinyakyusa, kisha, kwa kuwa mwinjilisti alikuwa hamwelewi, akarudia kwa Kiswahili.

"Mwana wangu mwinjilisti, mzee hapa ni mimi. Huyu ni kitinda mimba wangu. Tangu jana mnaninyamazisha, mnasema amepumzika, amepumzika. Nani aliwaambia alikuwa amechoka? Alikuwa mgonjwa. Niacheni nimlilie mwanangu."

Akalia. Mkewe akainuka kutoka ukutani na kulia naye, kisha wanawake wote, na mwinjilisti akafunga kitabu chake na kukaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwa mtu yeyote, mbele ya watu wote, kumtaja ndugu yangu kama mgonjwa. Wazee wenzake wa meza ya Suma walikuwapo. Walitazama chini kwenye matope, na mmoja wao baadaye alinivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ndogo, hilo kongosho hasa ni kitu gani. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na ningempenda sana kwa kusikiliza kwake kama angeuliza swali hilo mapema, nundu ikiwa bado kwenye sahani.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kidogo, na ninakisema nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Mtu uliyecheza naye utotoni akikutokea siku moja amepinda mgongo, amekonda, ana mvi na hali chakula akashiba, usikimbilie kumvutia kiti. Fanya hesabu ya umri wake kichwani. Muulize anaumwa nini, na akikujibu usimuulize alikuwa anakunywa nini. Mpeleke anakotakiwa kwenda, na siku ya sherehe mpakulie alichoruhusiwa kula, hata kama sahani yake itaonekana ya mtoto mbele za watu. Siku ya kumpa nundu itafika yenyewe akiachwa aishi. Huyu wetu tulimpa mapema, na mwenye umri ule tuliompa yeye, aliyebaki hai akimlilia, ni mama yake.